Friji Bovu

Kwanza osha.
Kisha osha ulichokwisha kuosha:
ndoo, mwiko, mpira, hata kucha zako.
Kijidudu kimoja kikitangulia
utakunywa siki, halafu utaninyooshea kidole mimi.

Ngano nilinunua Kariakoo, kilo tano, nzima nzima.
Nikailoweka, nikaifunika gunia bichi,
siku ya tatu ikatoa vijimkia vyeupe
kama punje zilizokumbuka jambo.
Nikaianika juu ya bati.
Wakaja kunguru, wale wa mjini wasio na haya,
wakala yao, wakaniachia yangu.
Hicho kilichobaki ndicho kimea.
Changanya na cha shayiri, nusu kwa nusu.
Cha shayiri nilipewa na Mshanga wa gereji.
Usiniulize alikitoa wapi.

Maji yawe moto, yasichemke.
Kipimajoto ninacho, cha kazini,
kimezoea kupima baridi ya mafriji ya watu;
nilipokitumbukiza kikapanda hadi sitini na tano
kikatulia hapo kwa mshangao.
Saa nzima, usibanduke,
hata mteja akipiga simu kwamba samaki wake wanaoza.

Kinachochujika ni togwa. Onja.
Binti yangu Aikande alionja, akaleta kikombe.
Nikamjazia, nikamwambia haya, toka,
maana baada ya hapo ni moto mkali na hopsi,
vimaua vikavu vya ugenini, vichungu kama mwarobaini.
Weka kidogo tu.
Ngano haipendi kugombezwa.

Sasa shida.
Hamira yake inataka ubaridi wa Machame mwezi wa saba
na sisi tuko Kimara Baruti, Januari, saa nane mchana,
kivuli chenyewe kinatafuta kivuli.
Nikalikumbuka friji la marehemu Shoo,
halina kompresa tangu mwaka juzi,
mlango unafungwa kwa waya.
Nikaingiza ndoo, nikaizungushia chupa za barafu
kutoka kwa Bi Mwanakheri auzaye aiskrimu.
Friza lake nalitengeneza bure, naye haulizi.
"Barafu ni barafu," husema, na kugeuza uso.

Usiku nilivuta kigoda nikasikiliza.
Pwu.
Kimya kirefu, mbwa wa jirani, umeme ukakatika.
Pwu.

Siku ya tatu nikafungua waya
ikanipiga harufu ya ndizi mbivu,
na nyuma yake karafuu.
Nikampigia mama.
"Nimepika ya ngano, mama, inanukia ndizi."
"Umevundika ndizi gani?"
"Hakuna ndizi. Ni hamira tu."
Akanyamaza, vocha ikawa inaliwa.
"Pombe haisemi uongo," akasema. "Tazama vizuri."
Na mimi, fundi mzima mwenye mvi,
nikapiga magoti na tochi
nikatafuta ndizi nyuma ya friji.

Kuhusu chupa, nisikilize:
sukari kijiko kidogo, kisha subiri.
Mimi niliweka viwili, tena mapema.
Saa tano usiku zikapasuka tatu mfululizo.
Bi Mwanakheri akatoka na mchi mkononi:
"Nani kauawa?"
"Friji, bibi."
"Friji gani linapiga risasi?"
Asubuhi nikaokota vioo kwenye michongoma yake,
na barafu ya wiki ile nikauziwa kwa bei ya mjini.

Ndoo ya pili ilitulia.
Ukiimimina ina ukungu; usingoje ing'ae,
ndivyo ilivyo, povu lake nene lakuachia sharubu.
Mke wangu alikunywa bilauri moja
akasema bora ningetengeneza friji.
Lakini bilauri ilirudi tupu.

Chupa moja niliifunga kwenye gazeti na khanga kuukuu
nikampa kondakta wa basi la Moshi,
nikamwonya asiiweke karibu na injini.
Ilifika. Siku mbili mama hakupiga.
Jumapili, baada ya ibada, simu ikaita:

"Nimeionja."
"Ehe?"
"Imekosa ulezi."

Haya, lete ndoo. Osha.