Kisanduku cha Kumi na Saba

Mfupa wa paja, wa kushoto, kisanduku cha kumi na saba,
umelala juu ya taulo ya buluu
kama mgeni asiyejua avulie viatu wapi.
Nambari yake imeandikwa kwa wino kichwani,
pale panapoingia kwenye nyonga.
Jina hakuna. Mkufunzi anasema tusiulize,
tuseme ahsante kimoyomoyo, kisha tuvae glavu.

Al Khoud, saa nane mchana.
Nje lami inanata, ndani kiyoyozi kinanguruma
hata tumefunga makoti mpaka shingoni.
Sita mezani. Mtihani baada ya Idi.

Kila kiungo kina majina matatu na ulimi wangu ni mmoja.
Kitabu kinasema patela. Daktari wa Kimisri anasema radhfa.
Bibi yangu, Bi Ghanima, ukimuuliza
anajigonga goti kwa upawa:
"Kilegesambwa! Mpige mbwa hapo uone kama hajalegea."
Klavikula, tarquwa, mtulinga.
Nikichoka linabaki la mwisho,
nililolisikia kabla sijajua kuwa ni somo:
jifunike mtulinga, mwana, baridi ya mashine haina adabu.

Leo nimeugeuza mfupa kifudifudi.
Mgongoni mwake umepita ukingo, mrefu, mkavu,
unakwaruza kidole hata ndani ya glavu.
"Hapo misuli ilishika," akasema mkufunzi.
"Ilivuta, ikavuta, mfupa ukainuka kuilaki."

Nami miaka yote nikidhani
mfupa ni kigingi na nyama ni nguo iliyoanikwa.
Kumbe nguo ndiyo inayochonga kigingi.

*

Ibra, Idi pili. Ami Khalfan na wanawe
wanafukua shimo la shuwa, masizi mpaka kwenye kope.
Gunia la makuti likafunguliwa, mvuke ukatutia machozi,
nyama ikaachia mfupa bila kuombwa.
Nikaokota bega. Bapa, jembamba, na mwinuko wake katikati.
"Skapula," nikasema, kwa sauti, mbele ya sinia,
"na hapa ndipo misuli ya—"
Jokha akarudisha tonge.
"Thuwaiba, tule kwanza. Tutakufa baadaye."
Wakacheka mpaka chai ikamwagika.
Lakini kidole gumba changu kilikuwa kimeshaona:
mbuzi huyu alipanda majabali. Kulikuwa na maandishi.

Usiku nikampaka Bibi mafuta ya karafuu.
Nikapandisha mkono wa kanzu yake, nikapapasa upande wa nje,
nusu ya njia kutoka bega hadi kisugudi.
"Unatafuta nini humo, mchele?"
Pana uvimbe, Bibi. Mgumu. Haukuumi?
Akanyamaza kidogo, akahesabu kwa midomo.
"Huo mchi. Wete, tangu nina miaka tisa mpaka naolewa.
Kinu kilibaki kule. Mchi, naona, nilikuja nao."
Kisha akaomba nimkande na wa pili,
maana huu umeshasifiwa vya kutosha.

Chumbani nikajipapasa mkono wangu mwenyewe.
Laini. Nikasaka tena, nikakaza ngumi.
Labda kwenye gumba la simu, nikasema,
nikazima taa kwa gumba hilohilo.

*

Mtahini alikuwa mgeni, kutoka Nizwa, na haraka zake.
Akanipa wa kumi na saba. Nikaujua kabla ya nambari.
Upande gani? Kushoto.
Ukingo huu? Linea aspera.
Kazi yake?

Hapo nikakawia.
Nilikuwa na majibu ya kitabu, mistari minne, yote safi.
Lakini niliona ngazi, sijui za wapi,
na mtu anazipanda na kitu kizito,
anashuka, anapanda tena,
na hakuna aliyemwambia kwamba anaandika.

"Dada, kazi yake?"

Nikaitaja. Nikaurudisha juu ya taulo taratibu,
ukingo ukitazama juu, usigandamizwe.

Tisa juu ya kumi.
Moja ilikatwa kwa kukawia.