Waya Usiobeba Kitu

Bwana Ndimbo, umenipigia hesabu nyuma ya risiti ya mafuta
na katika orodha yangu umekata mstari mmoja tu:
waya wa kijani wenye mchirizi wa njano,
milimita kumi na sita, mita thelathini na nne,
toka ukutani kwa Luku hadi gereji yako mpya.
Pembeni umeandika, kwa kalamu ya kutia alama mabati:
*Weka mbili na nusu. Huu haubebi kitu.*

Ni kweli, haubebi kitu.
Mwaka wa kumi na tisa huu nakutana nao,
haujawahi kupasha pasi wala kugeuza feni.
Umelala ndani ya bomba kando ya wenzake wanaofanya kazi
kama mjomba aliyekuja msibani akasahau kuondoka.
Hata mita nikiugusisha, husema sifuri.

Nami niliwahi kuwaza kama wewe.
Buguruni, gereji ya mabati, mwenye mali ana haraka,
laini niliyomvutia ilikuwa kumi na sita,
ethi nikampa mbili na nusu. Akanisifu kwa kumwonea huruma.
Baada ya miezi, kompresa ikaanza kuuma.
Hawakuniita.
Waliweka ubao mkavu pale chini, wakawa wanasimama juu yake,
na kila mgeni akifika wanamwambia huku wanacheka:
*Panda ubao kwanza, huyu hajazoea watu.*

Kisha masika. Ubao ukalowa.

Sadala alikuwa na miaka kumi na saba.
Kandambili yake moja ilibaki juu ya ubao
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiokota.

Basi nisikilize, sikufundishi kazi yako ya injini.
Umeme ukitoroka njia yake utashuka ardhini, hilo halina mjadala.
Utashuka tu. Swali ni kupitia kwa nani.
Ukiupa uchochoro, utasongamana humo,
utaunguza ngozi ya waya, utatafuta mlango mwingine,
na breka kule ukutani imekaa kimya
kwa sababu hakuna aliyepiga kelele ya kutosha kuiamsha.
Ukiupa barabara, unapita wote kwa mkupuo,
breka inashtuka, tap!
giza, matusi, mtu anauliza nani amezima.
Matusi hayo ndiyo mshahara wangu.

Kipimo sijakitunga mimi.
Laini ikiwa kumi na sita au chini ya hapo, ethi ilingane nayo.
Ikizidi, ethi husimama palepale hadi laini ifike thelathini na tano.
Kupita hapo, nusu yake.
Wewe una mashine ya kuchomelea, una kompresa, una vijana wanne
wanaoshinda peku sakafuni kwa joto la Januari.

Jana nimezunguka Gerezani nzima.
Duka la kwanza waya umeandikwa kumi na sita;
nikauvua nguo, nikakuta kumi, na aibu.
Duka la nne nikahesabu nyuzi saba za shaba, nene, zinang'aa,
nikalipa kwa hela yangu. Roli iko kwangu, chini ya kitanda.

Na sasa hivi, wakati wewe unapiga simu,
Shomvi anaitwanga rodi nyuma ya ukuta.
Mchanga huu wa Kinyerezi haukai na maji,
kwa hiyo tumechimba, tumeweka mkaa, tumeweka chumvi,
mama mpangaji akauliza tunamzika nani.
Shomvi akacheka. Mimi sikucheka.

Tofauti ya bei ni laki mbili na kidogo.
Ukinikata mshahara, sawa, tutazungumza.
Ukiukata waya, tafuta fundi mwingine,
na umwambie aje na ubao wake.

Shomvi ananiita: rodi imegota.
Anauliza kama amwage ndoo nyingine.
Mwaga, namwambia. Mwaga mpaka ikubali.