Sifuri Nukta Sifuri

Saa tatu kamili asubuhi, iwe Krismasi, iwe matanga,
nafungua kijilango cha waya nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu,
natoa chupa ndani ya mtungi wa shaba,
namimina kwenye bilauri nyembamba,
nainamisha shingo hadi jicho lilingane na maji,
kisha naandika.
Kazi hii aliianza Jafeth, marehemu mume wangu.
Aliniachia miwani, penseli,
na daftari la tisa likiwa nusu.

Hapa Chavakali hawaniiti mama fulani.
Wananiita Mvua.
"Mvua, leo umetuletea nini?"
Kana kwamba bomba ni langu.

Ujumbe uliingia kwa simu tarehe kumi na mbili Machi:
masika kuanza wiki ya tatu,
magharibi na bonde la ziwa,
uwezekano asilimia sitini. Wakulima wanashauriwa
Ukakatikia hapo.
Asava akashusha mkokoteni wake, akaniuliza,
"Na hiyo arobaini iliyobaki ni ya nani?"
Nikamwambia ni yetu.
Akacheka. Akaenda kununua mbegu kilo mbili,
pesa za kilo mbili nyingine akamwachia mkewe.
Hiyo nayo ni hesabu.

Mimi pia nilikuwa na dalili zangu.
Mitembe ya kando ya barabara ilikuwa imewaka nyekundu, bila jani.
Siafu walihama chini ya jiko wamebeba mayai.
Upepo wa ziwani ukakutana na ule wa Nandi juu ya paa letu,
saa tisa alasiri, wakagombana kama mawifi.
Nikapanda nusu shamba.
Nusu nikaiacha uchi.

Wiki ya tatu ikafika. Dalili ya mvua ni mawingu,
na mawingu tulikuwa nayo, meusi, mazito,
yakaning'inia kama nguo za jirani kwenye kamba yako.
Halafu yakavuka barabara, yakamwagia Mudete.
Kule mtoto alipoteza kandambili mtaroni;
huku vumbi halikuinuka hata kusalimu.
Nikaandika sifuri nukta sifuri.
Mtu akasema kifaa kimekufa.
Hapana. Ni kikweli, ila kinajua mahali kiliposimama tu.

Siku kumi na moja za sifuri.
Mahindi machanga yakajisokota kama tumbaku.
Usiku nahesabu mbegu kichwani,
nikifika mia mbili narudi mwanzo.

Siku ya kumi na mbili, chupa ilikuwa na maji.
Mikono ikanitetemeka. Milimita nane nukta nne!
Nikatazama nyasi: kavu.
Paa: kavu. Mgongo wa mbwa wa shule: vumbi.
Nikanusa. Sabuni ya kufulia.

Kageha, mjukuu wangu wa darasa la pili,
alikuwa amejibanza nyuma ya tangi,
kikombe cha plastiki mkononi,
uso mzima ukiuliza kama imetosha.
"Guku, nilitaka uandike kitu."

Fomu haina safu ya jambo hilo.
Nikaandika sifuri nukta sifuri, kwani ndiyo kweli;
uongo ukiingia daftarini
mtu wa Nairobi ataupaka buluu kwenye ramani,
na mtu wa Luanda atapanda kwa ajili yake.
Kisha pembeni, kwa herufi ndogo ambazo Jafeth angezifuta:
Kageha, kikombe kimoja.

Mvua ilikuja tarehe tatu Aprili, usiku, bila ujumbe,
ikiwa na mawe yaliyochana sukuma wiki ya Asava vipande.
Milimita thelathini na moja.
Siku iliyofuata nilipiga magoti matopeni tangu alfajiri,
nikipanda ile nusu, Kageha akinihesabia mbegu, tatu kwa shimo,
akisahau, akitia nne.
Simu ikalia mfukoni. Asilimia, asilimia.
Sikuisoma hadi mwisho.
Ilikuwa inakaribia saa tatu.