Kitufe cha Pili

Wadi Kabir, Juni, saa nne asubuhi,
na bati la gereji limeshaanza kulia kwa joto.
Shaji amekilaza kiti cha baba juu ya katoni
kama mgonjwa anayesubiri kukandwa mgongo.
Bolti nne. Tatu zilimtii spana,
ya nne ilitaka mafuta, nyundo, na matusi ya Kimalayalam.

Chini yake tumekuta
kokwa saba za tende,
noti ya baisa mia iliyokunjwa mara nne,
na kifuniko cha sindano ya insulini.
Nimetia vyote mkobani.
Kokwa pia. Usiniulize.

Kiti kile kilijua maneno mawili tu, mbele na nyuma,
kwa wenzo wa chuma uliomchubua baba kisigino.
Yeye alikuwa mrefu. Mie, kimo changu ni cha mama:
miaka minne naendesha juu ya mto wa sofa,
nyonga ya kushoto ikinihesabia kila tuta
kutoka Mabela mpaka kazini Ruwi.
“Uza,” kaka yangu Aflah ananambia. “Gari la miaka ishirini na sita!”
Aflah husema uza
kama wenzake wanavyosema masalkheri.

Kiti kipya si kipya.
Kimetoka sikrabu ya Barka, kwenye Leksasi iliyokunjwa ubavu mmoja,
riali sitini na tano, baada ya viapo na chai ya zaatari.
Ngozi rangi ya maziwa yaliyoungua,
mota nne tumboni,
na vitufe vitatu vya kumbukumbu
ambavyo vilikaa mlangoni, na mlango
una bei yake.

Siku mbili za kazi. Sakafu na kiti havikuelewana:
vidole viwili nyuma, kimoja kulia,
ikabidi kuchomelea vyuma bapa, kupima, kukata, kuchomelea tena.
Plagi ya manjano ya mfuko wa hewa haikupata mwenzake;
Shaji alifungua betri, akanywa maji, akangoja,
kisha akautoa mfuko kwa mikono ya mkunga.
Waya nene nyekundu ikapita chini ya zulia, na fyuzi yake ya peke yake,
kwa sababu, aliniambia kwa Kiarabu chetu cha gereji kisicho na vitenzi,
“Gari mzee. Damu nyembamba.”

Nikakaa. Nikabonyeza kitufe cha kwanza. Kimya.

Cha pili: kiti kikaamka.
Kikapanda, kikasogea, kikasogea bado,
mgongo ukanyooka wima, magoti yangu yakagusa usukani.
Palikuwa na mtu hapa. Mfupi kuliko mie.
Mtu aliyeendesha kama anayechungulia dirishani
kuona nani amebisha hodi.

Cha tatu kikanirudisha nyuma, chini, chali,
mpaka nikaiona feni ya dari.
Shaji akacheka: “Huyu mume. Mke dukani.”

Kisha akauliza, kidole tayari: nifute?

Nikafikiri. Nafasi tatu.
Baba angetaka moja, na miguu yake ile;
ningeweza kumtafuta kwa mota, nyuma kidogo, chini kidogo,
mpaka mbele nisione ila mbingu na tasbihi yake kwenye kioo.
Lakini kumweka yeye ni kumtoa mtu kwake,
na ubavu uliokunjwa wa Leksasi ile
ulikuwa wa abiria. Nilimwuliza muuzaji.
Mara mbili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
“Acha,” nikasema. “Mie nipe cha kwanza, kitupu.”

Kiti cha baba kimepanda nyuma, kinatazama tulikotoka.
Mto wa sofa kimekalia chenyewe.
Aflah amepiga simu, anauliza imekula ngapi; nimemwambia sisikii, barabara.
Nyonga ilinyamaza Qurum yote, ikanyamaza Azaiba,
karibu na Mawaleh ikaanza tena kuhesabu,
lakini kwa sauti ya chini,
kama mtu aliyesahau alifika ngapi.