Nafasi Iliyoachwa Wazi

Kijineno chenyewe hakizidi pumzi.
Mwalimu Tungalag anasema tutoe ulimi,
tuubane kidogo kwa meno ya mbele, tupulize:
dhe.
Thelathini na mmoja sisi, wanafunzi wa tiba ya mifugo,
chuoni Khovd, saa mbili asubuhi,
madirisha yameota manyoya ya barafu,
na sote ndimi nje
kama ndama waliosikia harufu ya chumvi.

"Ze," anasema Gantömör.
"De," nasema mimi.
Nyumbani, kumtolea mtu mzima ulimi
kungeniletea kofi.

Wala usiniulize daktari wa ng'ombe
anataka nini na Kiingereza.
Chupa za chanjo zinakisema. Vitabu vya minyoo vinakisema.
Ng'ombe peke yake ndiye aliyekataa kujisajili.

Basi kanuni, tuliyoinakili kwa wino wa buluu:
neno likija mara ya kwanza ni mgeni,
livishe "e", lisimame mlangoni;
likirudi mara ya pili limeshakuwa la nyumbani,
livishe "dhe", lisogee karibu na jiko.
Nikaipigia mstari mara mbili.
Lugha yetu haina mlango wa namna hiyo.
Farasi ni farasi,
awe wa jirani, awe wa baba,
awe wa kwenye hadithi tu.

Usiku baba akapiga simu.
Kwao mtandao unapatikana kilimani,
kwa hiyo upepo huanza kuongea kabla yake.
"Farasi amekufa," akasema.

Walikuwa kumi na tisa mwezi wa Novemba.
Kisha theluji ikayeyuka siku moja, siku moja tu,
ikaganda tena usiku,
ikayapiga malisho kufuli
na wanyama wakabaki wanagonga kwa kwato.
Farasi amekufa: yupi?
Kwa mara ya kwanza maishani
nikaiona lugha ya mama yangu ina tundu
na baridi inapitia hapo.
"Yupi, baba?"
Akanyamaza. Simu ikala salio lake.
"Yule," akasema.

Nikajua.
Sisi farasi hatuwapi majina, twawaita kwa rangi.
Yule ni wa sikio lililochanika,
aliyenifikisha shule ya bweni nina miaka saba,
nikalia shingoni mwake hadi manyoya yakaganda,
akageuka, akarudi nyumbani peke yake
bila kuuliza njia.

Asubuhi, mtihani.
Swali la tisa, jaza nafasi iliyoachwa wazi:
nafasi, kisha farasi, kisha alikufa, kisha majira ya baridi.
Kalamu yangu haikusita.
Dhe.

Ijumaa karatasi zikarudi.
Kando ya tisa, mkwaju mwekundu na maandishi madogo:
"Ndiyo kwanza anatajwa. Hatumjui bado."

Nilingoja wenzangu watoke.
Nilikuwa nimejipangia hoja tatu, na zote zikanikimbia.
Nikaweka kidole juu ya jibu langu
nikalisoma tu kwa sauti,
na ulimi ukakaa penyewe kati ya meno,
laini, bila kuulazimisha,
dhe,
kama ambaye nimezaliwa nalo.

Mwalimu akanitazama kwa muda.
Akavua miwani.
Akauliza, kwa lugha yetu sasa,
"Wa rangi gani?"

Nikamtajia.
Ni neno moja: kijivu cha majivu yaliyopoa,
mgongo una mstari mweusi, magoti kama yamelowa moshi.
Akafungua kamusi yake nene,
akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena.
Nje mtu alikuwa anawasha gari lisilotaka kuwaka.
"Halimo," akasema.

Alama hakuibadilisha.
Kumi na nne kwa ishirini.