Kioo cha Laini ya Tatu

Kabla ya kioo tulikuwa na madaftari matatu:
la stoo, lenye harufu ya magadi na mawese;
la mashine, kurasa zimegandamana kwa grisi;
la ubora, safi, mwandiko wa Nzilani
umelalia upande kama nyasi baada ya mvua.
Kila Ijumaa niliyabeba kwapani
nikipanda ngazi za chuma hadi ofisini,
na kila Ijumaa yalibishana mezani
kama mashahidi watatu wa kesi moja.

Stoo: tumetoa magunia arobaini.
Mashine: tumepokea thelathini na sita.
Ubora: miche mia tisa ina nyufa.
Meneja, kalamu mdomoni, akaamua:
ni zamu ya usiku. Wanalala.

Barasa akapewa barua. Ya pili hiyo.
Akaikunja mara nne,
akaitia mfuko wa ovaroli, pamoja na spana,
akarudi kukaza nati.

Machi wakaja vijana wawili na nyaya,
wakazibandika mashine vihisi vidogo kama kupe,
wakatundika kioo juu ya laini ya tatu:
kijani, manjano, nyekundu.
Achola akauliza kama kitaonyesha mpira.
Tulicheka. Barasa hakucheka.

Wiki ya tatu, madaftari yakiwa yameungana humo ndani,
usiku ukaanza kutoa ushahidi.
Saa tisa na dakika saba, nyekundu.
Kesho yake, saa tisa na dakika nane, nyekundu.
Pipa linatokota, mashine nzima, mikono tayari,
magadi hakuna:
stoo imefungwa
na ufunguo umelala Syokimau
mfukoni mwa meneja.

Dakika arobaini na moja, kila usiku.
Tulisimama chini yake na barakoa zetu.
Hata Achola alinyamaza.

Siku hizi ufunguo wa pili unaning'inia msumarini.
Asubuhi, moshi wa Lunga Lunga ukichanganyika na ukungu,
meneja hupita, hutazama juu,
akiona kijani huenda zake kunywa chai.

Kioo kinajua joto la pipa, mwendo wa mkanda,
uzito wa kila mche hadi gramu.
Juzi nilibaki nyuma nikakipekua chote
nikitafuta pa kuandika zile barua mbili.
Hakuna kisanduku. Ziko kwenye faili, droo ya chini.

Na saa nane usiku, kabla shughuli haijachanganya,
Barasa hupanda juu ya kreti
akakipangusa vumbi la sabuni
kwa kitambaa chake mwenyewe.