Jua la Chini

Daktari Pandya wa Surendranagar alichora duara nyuma ya risiti,
akaandika ndani yake: mbili.
"Dakika mbili, Jivuben. Si tatu.
Dawa hii haiponyi peke yake, inaliita jua,
na jua likiitwa halibishi hodi."

Nilitaka kucheka.
Nani anaita jua huku kwetu?
Sisi ndio tuliohamia sebuleni mwake,
miezi minane kila mwaka, miguu kwenye chumvi.

Mbalanga ilianza kwenye goti la Kokila, punje ya dengu,
ikatambaa, ikapata ndugu kiwikoni.
Shangazi yake akasema: ifunikeni
kabla watu wa posa hawajajifunza njia ya huku.
Kokila, ana miaka kumi na mmoja,
alikwisha kuipa jina. Kisiwa.

Nilifanya kama nilivyoelezwa.
Pamba kwenye kijiti, dawa kidogo, ukome ufukweni,
maana ngozi nzima ikipakwa
huitikia wito usio wake.
Nikanawa mikono kwa sabuni.
Nusu saa tukangoja bandani, pampu ikikohoa maji ya chumvi.
Kisha nje, dakika mbili.
Kisha maji, sabuni tena,
na kitambaa kizito mpaka machweo.

Usiku wa pili goti likawaka.
Asubuhi lengelenge limevimba, limejaa maji,
na mtoto hajalia.
Hilo ndilo lililonitisha.

Ghelabhai akasema dawa ni sumu.
Shangazi akasema umezidisha, mama hana subira.
Sikuzidisha.
Nilikuwa na saa mkononi, saa ya harusi yangu,
haijawahi kunidanganya hata siku niliyotamani inidanganye.

Tulipanda lori la chumvi, saa tatu za mtikisiko,
goti lake juu ya mapaja yangu kama yai.

Daktari hakunigombeza.
Aliuliza tu, "Mlisimama wapi?"
Kwenye chumvi.
"Chumvi nyeupe?"
Kwani kuna nyingine?
Akavua miwani. Akaiweka mezani.
Nje mtu alikuwa akibishana bei ya vitunguu.
"Mimi," akasema, kama anayejisomea hukumu,
"nilihesabu jua moja."

Moja, la mjini, lenye kuta na miti na kamba za nguo.
Huku kwetu yapo mawili:
la juu, ambalo kila mtu hulilaani kwa jina,
na la chini, linalorudi kutoka kwenye chumvi
likipanda muundi wa mtoto bila kutoa kivuli.
Miaka ishirini limenichoma chini ya kidevu
nami nikadhani ni jasho.

Akaifuta ile mbili.
Pumzika mpaka ngozi ifunge. Dawa nyepesi zaidi.
Nusu dakika, kila siku ya tatu, asubuhi mapema.
Ngozi ikiwa ya waridi, subiri. Ikiuma, acha, uje.
Na usimpe jirani chupa hii,
hata akikuonyesha kisiwa kama hiki hiki.

Sasa natandika turubai jeusi, pana kama chumba,
mlangoni mwa banda, kuliziba mdomo jua la chini.
Kokila anakaa katikati na miwani myeusi ya kaka yake, inamshuka puani.
Anahesabu kwa sauti mpaka thelathini.
Mimi nahesabu kimoyomoyo. Siku zote namaliza mbele yake.

Mwezi wa nne akaniita.
Kwenye shina la unywele mmoja, nukta ya kahawia,
ndogo kuliko mbegu ya ufuta.
"Mama, kisiwa kimeota mti."
Akaitazama muda mrefu, kisha akauliza
kama ni lazima kijae chote.

Sikuwa na jibu.
Nikamwambia avute kitambaa, aingie ndani,
jua bado linamdai mpaka jioni.